Ndoa Ikivunjika, Duka Linahesabiwaje?

Mimi ni mhasibu. Mawakili huniita pale mume na mke wanapoachana na kati yao kuna duka, mashine ya kusaga au malori ya mchanga, na mahakama inataka kujua vina thamani gani. Mara nyingi nafika biashara imeshaanza kufa. Kufuli zimebadilishwa, mzigo mpya haujaagizwa wiki kadhaa, na mashemeji wamejaa kaunta wakidai wanalinda haki ya ndugu yao. Wateja wananusa ugomvi haraka kuliko hakimu, nao wanahamia duka la jirani.

Sheria nitaigusa kwa ufupi, maana wakili wako ndiye wa kuulizwa. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambazo wanandoa walichuma kwa juhudi za pamoja. Kuwa na jina lako kwenye leseni kunasaidia, kwa sababu kifungu cha 60 kinachukulia kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja ni yake. Lakini hiyo ni dhana tu; mwenzako akileta ushahidi, inaanguka. Hata biashara uliyoingia nayo kwenye ndoa inaweza kugawanywa, kama mwenzako aliiendeleza kwa kiasi kikubwa au mliikuza pamoja. Mtu alifungua kibanda cha misumari kabla ya harusi, leo ana stoo tatu za saruji na nondo, na bado anasema, "Hii yangu, nilianza peke yangu." Kibanda hakuna anayekigombea. Ubishi uko kwenye stoo tatu.

Kila anayezungumzia mgawanyo wa mali huitaja kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Ni kweli, ndiyo iliyokubali kwamba kutunza nyumba na familia ni mchango katika kuchuma mali. Ila wengi hawaisomi hadi mwisho. Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, kwa kuwa mahakama iliona alitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Kwa macho ya mhasibu, hukumu ile ina sehemu mbili: mchango wako unahesabiwa, na ulichotumia vibaya nacho kinahesabiwa.

Nusu kwa nusu nayo si kanuni. Mahakama inapima mchango wa kila mmoja, na mchango unataka ushahidi. Hapa ndipo wanawake wengi wanajipunja wenyewe. Ananiambia, "Kaka, mimi nilikuwa namsaidia tu." Ukimuuliza nani alikuwa anapokea mzigo, ni yeye. Nani alikuwa anafunga hesabu jioni? Yeye. Niliwahi kuletewa daftari la wakopaji, limechakaa, lina madoa ya mafuta ya taa, na mwandiko ni mmoja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ni wa mke, ambaye kwa maelezo ya mume "alikuwa anakaa tu dukani". Daftari kama lile, hati za kupokelea mzigo zenye saini yako na miamala ya simu kwa wasambazaji vina uzito kuliko mashahidi kumi wa ukoo.

Sasa tuje kwenye thamani, eneo ambalo watu hukosea kupita yote. Mtu anaangalia rafu zimejaa, anasema hapa pana milioni 60, nipe 30 zangu. Ngoja. Tuseme kweli bidhaa zina thamani ya milioni 60 kwa bei ya kununulia. Ndani yake kuna mali kauli ya milioni 25 ambayo msambazaji hajalipwa. Benki inadai milioni 15. Wateja nao wanadaiwa milioni 8 ambazo tuna imani zitalipwa. Kinachobaki ni milioni 28. Ukichukua 30, umechukua duka zima na umebakiza deni.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninaloomba ni kuhesabu bidhaa mapema, wote wawili wakiwepo, kila ukurasa uwe na saini mbili. Pili, akaunti ya biashara isitolewe fedha bila saini zote mbili, isipokuwa kwa mzigo, pango, mishahara na kodi. Mmoja akigoma, wakili aombe zuio la muda mahakamani. Duka liendelee kuuza.

Na msihamishe mali kwa kaka. Naijua mbinu hiyo, hakimu anaijua, na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, inaijua zaidi. Mauzo yakishuka ghafla mwezi uleule shauri lilipofika baraza la usuluhishi la ndoa, hakuna atakayeamini ni msimu wa mvua.

Waliosajili kampuni wana hali tofauti kidogo. Jina la biashara pekee halikutenganishi na duka, lakini lori la kampuni ni la kampuni. Kwa kawaida kinachobishaniwa ni hisa. Kama katiba ya kampuni inawapa wanahisa waliopo haki ya kununua kwanza, yule anayetoka anaweza kulipwa bila mtu wa nje kuingia. Binafsi napendelea mmoja abaki na biashara, mwingine apewe nyumba au kiwanja, au alipwe kwa awamu zenye tarehe na dhamana. Kugawa duka katikati kwa kawaida huzaa vibanda viwili dhaifu vinavyopigania wateja walewale.

Mkishakubaliana, badilisheni usajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara), leseni, taarifa za TRA (mamlaka ya mapato), mkataba wa pango, watia saini benki na laini ya wakala wa fedha za simu. Mkopo mliosaini wote unabaki wa wote hadi benki yenyewe ikubali kwa maandishi kumwachia mmoja, maana benki haikuwa sehemu ya makubaliano yenu. Kama nyumba mliyokuwa mnaishi imewekwa rehani kwa mkopo wa dukani, maliza hilo kabla hujasaini kingine chochote.