Kabla kijiji hakijapokea mradi wa wanafunzi wa kigeni

Kila mwaka ikifika Mei, barua za vyuo vikuu vya nje huanza kuingia ofisini kwetu: wanafunzi kumi au kumi na watano, wiki sita, kijiji fulani cha Dodoma, kisima au choo cha shule au upandaji miti. Mwaka huu zimefuatana na malalamiko ya wanavijiji kwamba Serikali inazuia misaada. Nikiwa afisa maendeleo ya jamii ambaye barua hizo hupita mezani kwake, naona ni wajibu wangu kueleza jinsi miradi hii inavyopaswa kupokelewa.

Wageni hawa tunawakaribisha. Wengi ni vijana wenye nia njema na bidii ya kazi. Kinachowaponza ni kalenda. Likizo ndefu ya vyuo vya Ulaya na Marekani huangukia Juni hadi Agosti, katikati ya kiangazi chetu. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili. Anayefika Julai hukuta uwele umeshavunwa na korongo ni mchanga mtupu. Hawezi kujua kwamba Januari korongo hilohilo hufurika. Nimeona choo cha shule kilichojengwa Julai kwa matofali mazuri kikatitia Februari, kwa sababu shimo lilichimbwa kwenye mkondo wa maji ambao kila mzee wa pale anaujua. Hakuna aliyewauliza wazee. Kwingine miche ilipandwa Agosti, ikakauka yote kabla ya tone la kwanza la mvua, wakati walioipanda wameshapanda ndege.

Wapo waliojifunza. Mwaka 2001 Profesa Bernard Amadei wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder alikwenda na wanafunzi wake kijiji cha San Pablo, Belize, kuwafungia wakazi pampu ya maji. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa shirika la Engineers Without Borders USA, ambalo huingia ubia na jamii kwa miaka isiyopungua mitano na kuitaka jamii ichangie sehemu ya gharama. Mgeni akikuambia wiki sita, muulize nani atarudi Januari.

Sasa taratibu. Mradi hupokelewa na kijiji, haupokelewi na mwenyekiti. Barua ya chuo ifike kwanza halmashauri ya wilaya, kisha kwa Mtendaji wa Kata, kisha kwa Mtendaji wa Kijiji. Halmashauri ya Kijiji iijadili na kuipeleka Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Kama kuna ardhi itakayotengwa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka mkutano huo uridhie kabla Halmashauri ya Kijiji haijaigawa. Muhtasari uandikwe, mahudhurio yasainiwe, nakala iletwe wilayani. Tunarudishiwa mihtasari isiyo na mahudhurio mara nyingi mno. Bila mahudhurio, hiyo ni karatasi yenye muhuri tu.

Kwa upande wa wageni, viza ya matembezi hairuhusu kazi, hata ya kujitolea. Kibali cha ukaazi kinachowahusu wanaojitolea na watafiti ni cha daraja C, na hutolewa na Uhamiaji. Wakitaka kupita kaya kwa kaya na dodoso, huo ni utafiti, na kibali chake hutoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Anayekiuka masharti ya viza anaweza kutozwa faini, kufungwa au kuondolewa nchini. Picha za watoto zipigwe kwa ridhaa ya wazazi, na ieleweke zitatumika wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda watoto wa kijijini sawa na wa mjini.

Kuna maneno nimechoka kuyasikia: kwamba Serikali inazuia misaada, na kwamba mzungu haombi kibali kwa kuwa anasaidia. Ndugu zangu, kisima hakichimbwi kwa sababu mtu ana fedha. Bodi ya Maji ya Bonde lazima itoe kibali, kwa mujibu wa Sheria Na. 11 ya mwaka 2009, na maji yapimwe. Kanda yetu ina maji ya chumvi, na mahali pengine yana madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa kwa miaka meno yake huharibika, na yakizidi sana huathiri mifupa. Hilo halionekani kwenye picha ya uzinduzi. Baada ya hapo RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, wapewe taarifa, na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kikabidhiwe pampu, spea na daftari la makusanyo. Pampu ikifa wakati hakuna aliyekabidhiwa, kina mama hurudi kuchimba mchanga korongoni, na mimi huulizwa kwa nini wazungu wametutelekeza.

Jambo moja ningependa lizoeleke. Wanafunzi wa Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, hapahapa Dodoma, huenda vijijini kwa mafunzo kwa vitendo. Kijiji kinachopokea wageni kiombe waambatane na wenzao wa hapa. Kijana anayeelewa Kigogo na aliyeona masika atauliza maswali ambayo mgeni hawezi kuyawaza, na anaweza kurudi Januari kwa basi.

Mkutano Mkuu hukaa kila robo mwaka. Kwa wageni wa Julai, ajenda iingie kwenye kikao cha robo inayoishia Juni, na barua ya chuo isomwe yote, kwa Kiswahili, mbele ya watu.