Marie Antoinette: aliyosingiziwa na aliyoyatenda

Dhana: Alipoambiwa watu hawana mkate, alijibu, "Basi wale keki."

Hakuna ushahidi kwamba malkia huyu wa Ufaransa, mke wa Louis XVI, aliwahi kusema hivyo. Hata hiyo keki si keki, ni brioche, mkate laini wa siagi na mayai. Kisa hicho kimo katika kumbukumbu za mwanafalsafa Rousseau, anayemtaja binti wa kifalme bila jina, tena aliandika miaka ya 1760, Marie Antoinette akiwa bado mtoto kwao Vienna, Austria.

Dhana: Alitapeli mkufu wa almasi.

Hapa ndipo alipoonewa hasa. Mkufu ulikuwa na almasi 647, bei yake livre 1,600,000 (fedha ya Ufaransa ya wakati huo). Masonara waliutengeneza wakitumaini mfalme Louis XV atamnunulia kimada wake, Madame du Barry. Malkia aliletewa, akaukataa. Ndipo tapeli Jeanne de La Motte akamnasa Kadinali de Rohan, aliyekuwa akihangaika kupatana na malkia. Usiku mmoja wa mwaka 1784 akamkutanisha na "malkia" bustanini mwa kasri la kifalme la Versailles. Kumbe "malkia" yule ni Nicole Le Guay, kahaba wa Paris! Kadinali akaingia mkenge, akaununua mkufu kwa hati iliyotiwa saini "Marie Antoinette de France". Malkia wa Ufaransa alisaini jina lake tu, bila hiyo "de France", na mtu wa ukoo mkubwa kama wa Rohan alipaswa kulijua hilo. Mkufu ukaishia kwa Jeanne; almasi ziling'olewa, nyingine zikauzwa London. Mei 1786 mahakama ilimwachia kadinali, na mitaani watu wakashangilia. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: kama kadinali hana hatia, mwenye hatia ni malkia.

Dhana: Ndiye aliyeifilisi Ufaransa.

Alitapanya, hilo tusimfichie: kamari, magauni, kijiji cha mapambo karibu na kasri lake dogo la Petit Trianon. Lakini mwaka 1788 gharama za kasri zilikuwa takriban asilimia 6 ya matumizi ya serikali. Karibu nusu ilimezwa na madeni, mengi yakiwa ya vita, ikiwemo ile ya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza.

Dhana: Basi hakuwa na kosa.

Watetezi wake nao huzidisha chumvi. Machi 1792, vita na Austria vikinukia, aliwavujishia Waaustria kwa barua mipango ya jeshi la Ufaransa. Oktoba 1793 mahakama ilimtia hatiani kwa usaliti bila kuwa na barua hizo mkononi. Iliyokuwa nayo ni tuhuma chafu kwamba alimnajisi mwanawe wa miaka 8.