Je, wajua kwa nini gundi ya gari dogo la plastiki haiwezi kuunga ndoo iliyopasuka?

Mtoto wa jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, aliletewa na mjomba wake seti ya modeli ya Toyota HiAce, yaani gari dogo la plastiki la kuunga mwenyewe. Ni boksi la kampuni ya Aoshima ya Japani, na ndani yake mna fremu za plastiki zilizoshikilia milango, viti, taa na rimu, pamoja na maelekezo ya Kijapani ambayo kwa bahati nzuri yanafuatika kwa michoro. Gundi haimo, wala rangi. Ndivyo seti nyingi zinavyouzwa. Mjomba alinunua chupa ya gundi kando. Kabla kijana hajaunga hata kiti kimoja, mama yake akaijaribu ile gundi kwenye ndoo iliyopasuka kitakoni. Gundi ikakauka, ndoo ikaendelea kuvuja. Mama akauliza: gundi gani hii ya plastiki isiyoshika plastiki?

Napenda sana swali hilo, kwa sababu anayelijua jibu lake ataelewa karibu kila jambo linaloweza kuharibika au kupendeza katika gari lake la kwanza, kuanzia kuunga hadi kupaka rangi.

Gundi ile nyepesi ya modeli haina kinachonata ndani yake. Ni viyeyushi vitupu, mara nyingi asetoni na butili asetati, vitu vya ukoo mmoja na tina ya gereji na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Kazi yake ni kuyeyusha. Gari limetengenezwa kwa plastiki iitwayo polistirini, ambayo viyeyushi hivyo huilainisha mara moja. Ndoo na madumu yetu hutengenezwa kwa polithini au polipropilini, na hizo hazijali asetoni hata kidogo. Gundi ilipopakwa kwenye ndoo, ilikaa juu, ikaruka hewani, ikaisha.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua kipande cha lile povu jeupe linalokinga televisheni mpya kwenye boksi lake. Kwa kawaida nalo ni polistirini, ila limejazwa hewa. Lidondoshee asetoni: linanywea, linazama, linabaki ute unaovutika. Dondoshea asetoni hiyohiyo kwenye kipande cha ndoo, hutaona badiliko lolote. Fanyia jaribio hili nje, mbali na jiko la mkaa, maana mvuke wa asetoni hudaka moto upesi mno.

Polistirini ni minyororo mirefu sana ya molekuli iliyosokotana. Kiyeyushi kikipenya, minyororo inalegea na kuanza kusogea. Ukibana vipande viwili wakati huo, minyororo ya upande huu inaingia upande ule. Kisha kiyeyushi kinaruka, minyororo inakaza, na ule mstari uliokuwa mpaka wa vipande viwili unakuwa plastiki moja. Fundi wa geti akiambiwa hivyo ataelewa papo hapo: ni kuchomelea, tena bila moto. Ndiyo maana kiungo kizuri hakibanduki. Ukilazimisha, plastiki inaweza kuvunjika pembeni yake.

Polistirini yenyewe ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mfamasia wa Berlin, Eduard Simon, aliipata mwaka 1839 kutokana na utomvu wa mti, na viwanda vya Ujerumani vikaanza kuitengeneza kwa wingi miaka ya 1930. Wajapani waliifikia kupitia mbao. Tamiya, kampuni ya mji wa Shizuoka, ilianza mwaka 1946 ikiwa biashara ya mbao, ikachonga modeli za mbao, na mwaka 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, meli ya kivita Yamato. Aoshima nao ni wa Shizuoka hukohuko.

Turudi kwenye meza ya kijana wetu. Kwenye kifuniko cha chupa kuna brashi nyembamba. Wengi wanaoanza hupaka gundi kwenye kipande kwanza, kama tunavyopaka gundi kwenye karatasi, kisha wanabandika. Kwa gundi nyepesi njia iliyo bora ni kinyume chake. Kutanisha vipande vikavu, vibane vizuri, halafu gusa ufa kwa ncha ya brashi. Tazama hapo kwa makini: gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa, sentimita mbili au tatu, bila kusukumwa, na mstari unang'aa kwa sekunde chache kisha unafifia. Mimi huona raha kuutazama kila mara. Subiri kidogo, kisha bana ili plastiki iliyolainika itoke kidogo kwenye mstari; ikikauka utaisugua kwa msasa wa maji na ufa utapotea.

Hatari ni kidole chako. Kikiwa kimelala juu ya ufa, gundi itakimbilia chini yake pia, na ukikiinua utakuta alama yake imechapwa kwenye paa la gari, mistari yote inahesabika. Usiifute wala kuigusa. Iache ikauke hadi kesho, ndipo uisugue. Ukiifuta wakati plastiki bado ni laini, unalima shamba zima.

Kwa sababu hiyohiyo, gundi hii haifanyi kazi juu ya rangi. Inalainisha rangi tu, na plastiki iliyo chini haikutani na mwenzake. Paliporukiwa na rangi kwenye sehemu ya kuunga, kwangua kwa wembe mpaka plastiki ionekane. Vipande vilivyopakwa mng'ao kama wa nikeli, kama bampa na grili za magari ya zamani, vinataka kukwanguliwa vilevile.

Vioo ni habari nyingine. Tone likidondoka kwenye kioo cha plastiki, kioo kimekufa. Hapo wengi hukimbilia supa gluu, na wanaharibu zaidi. Supa gluu haikauki kwa kuruka. Inaganda kwa kukutana na unyevu. Kiangazi cha Dodoma hewa ni kavu, kwa hiyo inaweza kuchelewa kuganda, na mtu akiona haishiki anaongeza. Gundi ya ziada inatoa mvuke, mvuke unatua kwenye kioo na kuganda hapo, kioo kinaota ukungu mweupe usiofutika. Wapelelezi huutumia mvuke huohuo kuibua alama za vidole kwenye vitu. Wewe huhitaji alama za vidole kwenye kioo cha haisi. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ile ya maji, kiasi kidogo kwa ncha ya njiti: ikikauka inakuwa angavu na haiyeyushi chochote.

Sasa rangi, ambako ndiko magari mengi ya kwanza yanapotea. Anza na hesabu. Haisi halisi ya kawaida, ile ya umbo la 2004 tunayoipanda kila siku, ina urefu wa mita 4.695. Kipimo cha 1/24 kinaifanya kuwa sentimita 19.5 na ushee. Upenyo kati ya mlango na bodi ya gari halisi, tuseme milimita 5, kwenye modeli unakuwa milimita 0.2. Rangi ya gari halisi, tabaka zote zikijumlishwa, ina unene wa karibu milimita 0.1. Ukiweka unene huohuo kwenye modeli, ni sawa na kulipaka gari halisi tope la milimita 2.4. Kila ukingo wa mlango ukipata milimita 0.1, upenyo wa milimita 0.2 umejaa, na gari halina mlango tena. Hii ndiyo sababu ya kupaka tabaka nyembambamba, tatu au nne, ukisubiri kila moja ikauke. Tabaka la kwanza lionekane kama vumbi la rangi, plastiki bado ikichungulia. Inahitaji moyo, najua, maana kila mtu anataka kuona rangi imejaa mara moja.

Swali linalofuata huwa la bei. Rangi za modeli hazipatikani kirahisi hapa mjini, lakini maduka ya vipuri yamejaa makopo ya kupuliza ya rangi za magari. Je, yanafaa? Yanafaa kwa tahadhari, na sasa unajua kwa nini. Rangi hizo nyingi zimebebwa na viyeyushi vikali vilivyokusudiwa kwa bati. Plastiki ya seti ilipotengenezwa ilisukumwa ya moto, kwa nguvu, ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa ikiwa imejikaza ndani kwa ndani. Kiyeyushi kikali kikiifikia, ule mkazo unafunguka na uso unapasuka vinyufa vidogo vingi. Rangi yenyewe inashika vizuri, ila gari linaonekana limezeeka siku moja. Kinga ni praima ya plastiki kwanza, yaani rangi ya msingi inayotangulia, kisha rangi kwa mipulizo myepesi inayokauka kabla ya kiyeyushi kuzama. Na jaribu kwenye fremu tupu kabla ya kugusa bodi. Fremu ni plastiki ileile, na ungeitupa hata hivyo.

Kabla ya praima, osha bodi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Kwenye kiwanda kalibu inaweza kupakwa mafuta ili kipande kitoke, na mafuta hayo huikataa rangi.

Hapa ndipo Dodoma inapoingia. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, na kuanzia Mei hadi Novemba ni ukavu, upepo na vumbi jekundu. Rafiki zangu wa Dar es Salaam wanaopuliza rangi siku za mvua hulalamikia weupe: kiyeyushi kinaporuka kinapoza uso wa gari, unyevu wa hewa unatonea juu ya rangi mbichi, rangi inafifia kama iliyomwagiwa maziwa. Sisi weupe huo hatuujui sana. Tatizo letu ni kwamba upepo na joto la mchana huchukua kiyeyushi njiani. Chembe ya rangi inafika kwenye bodi ikiwa karibu imekauka, haitandazi, na ukipitisha kidole unahisi mchanga. Watu wanadhani ni vumbi. Mara nyingi ni rangi yenyewe.

Puliza asubuhi mapema, kabla upepo haujashika kasi, ukiwa sentimita 15 hadi 20 tu kutoka kwenye gari. Asubuhi ya Julai ina baridi, na kopo la baridi hutema matone makubwa, kwa hiyo liweke dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia. Usilisogeze kwenye moto kamwe. Pulizia mahali penye hewa inayopita. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, inazuia chembe tu, na hata hizo si zote.

Vumbi halisi nalo lina ujanja wake. Polistirini haipitishi umeme. Ukiisugua kwa kitambaa kikavu, inabeba umeme tuli, na katika hewa kavu umeme huo hauna pa kutorokea, kwa hiyo gari linavuta vumbi kutoka pande zote. Kadiri unavyofuta ndivyo unavyovuta. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha bodi ikauke, nyunyizia maji sakafu ya chumba kama unavyofanya kabla ya kufagia, na ukimaliza kupuliza lifunike gari kwa beseni lililopinduliwa, ukiliinua kidogo upande mmoja ili mvuke utoke.

Ukichanganya aina za rangi, kumbuka nguvu ya viyeyushi: kikali kitangulie, kipole kifuate. Rangi kali ya kopo ikishakauka, unaweza kuchora mistari na taa juu yake kwa rangi ya mafuta au ya maji. Ukigeuza mpangilio, rangi kali itailainisha ile ya mafuta iliyo chini na yote itakunjamana. Rangi ya maji kwa hapa kwetu inakauka hata kwenye brashi. Iongezee tone la maji kila mara na upake kipande kidogo kidogo.

Kuna kiyeyushi kimoja ambacho hakiruki upesi, na kimo ndani ya boksi tangu siku ya kwanza. Matairi ya seti nyingi, hasa za zamani, ni ya vinili laini. Ulaini wake unatokana na mafuta maalumu yaliyochanganywa humo, na mafuta hayo hutoka polepole, mwaka baada ya mwaka, na kuila polistirini inayogusana nayo. Mtu anafungua boksi alilolihifadhi kabatini kwa miaka na kukuta tairi limechimba shimo kwenye kioo cha mbele. Joto huharakisha. Kwa hiyo kama seti yako itasubiri, yatoe matairi leo, yafunge kwenye gazeti, uyaweke kwenye kona yake mbali na vioo na bodi. Kijana wa Nkuhungu ameshayatoa ya kwake, na mama yake amenunua ndoo mpya.