“Mtandao Unasumbua”: Yanayosemwa Ofisini na Yaliyoko Kwenye Waya

Simu ya kwanza ya Jumatatu huingia saa mbili na nusu asubuhi. “Kaka, mtandao unasumbua. Ofisi nzima.” Nikifika juu nakuta ofisi nzima ni dada wa uhasibu na jirani yake, wengine wanachapa kazi kama kawaida. Nusu ya kazi ya sisi maafisa TEHAMA ni kujua safari imekatikia wapi: kutoka kompyuta hadi swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za ofisi), swichi hadi ruta (kifaa kinachoiunganisha ofisi na intaneti), ruta hadi kampuni ya intaneti, na kutoka hapo hadi kebo iliyolala baharini. Wengi huiona safari yote hiyo kama kitu kimoja, na maneno haya huanzia hapo.

“Alama ya Wi-Fi imejaa, kwa hiyo intaneti ipo.”

Zile alama zinapima nguvu ya mawimbi kati ya kompyuta yako na kifaa kilichofungwa darini, basi. Chomoa waya unaotoka nje uone: intaneti itakufa, alama zitabaki zimejaa vilevile.

Kipimo cha kweli kinachukua dakika mbili. Kwenye Windows, fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri (Command Prompt), andika ipconfig, kisha tazama anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta yako kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kuomba kwa ruta na kukosa jibu. Usipigie kampuni ya intaneti, tatizo liko humu humu ndani. Ikiwa anwani ni ya kawaida, tuseme 192.168.1.37, fanya ping (amri ya kubisha hodi kwenye kifaa kingine uone kama kitajibu) kwenye ile namba iliyo mbele ya Default Gateway, ambayo ndiyo ruta. Ikijibu, piga ping 8.8.8.8, mashine ya Google iliyoko nje kwenye intaneti. Nayo ikijibu, jaribu jina la tovuti. Namba ikijibu huku jina likikataa, waya hauna kosa: ni DNS, yaani anayetafsiri majina kuwa namba amelala.

“Zima ruta, washa, yameisha.”

Mara nyingi yanaisha kweli, na ndiyo maana dhana hii ni ngumu kufa. Ofisi moja walikuwa wakizima ruta kila siku baada ya chakula cha mchana, miezi kadhaa, na mlinzi ndiye aliyepewa kazi hiyo. Ruta yenyewe haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa imetengewa anwani 100 za kugawa, kila anwani ikikopeshwa kwa saa 24. Wafanyakazi 40, kila mmoja na kompyuta na simu, tayari ni 80. Ongeza wageni wa mapokezi waliopewa nywila ya Wi-Fi, ikifika saa saba mchana anwani zimekwisha. Anayeingia baada ya hapo anaambulia ile 169.254. Ruta ndogo nyingi zikizimwa husahau orodha ya waliokopa, ndiyo maana mambo yalikuwa yanatengemaa hadi kesho yake. Tulipunguza muda wa kukopesha kutoka saa 24 hadi saa 2 na wageni tukawatengea Wi-Fi yao. Mlinzi akarudi getini.

Halafu jamani, kuzima ni kwa swichi ya umeme. Kile kitundu cha nyuma kinachobonyezwa kwa pini si cha kuwashia upya, kinafuta mipangilio yote, pamoja na jina na nywila ulizopewa na kampuni ya intaneti.

“Tovuti zote zinaonya si salama. Tumeingiliwa na kirusi.”

Kabla ya kumwita mtu, tazama saa iliyo pembeni mwa kioo. Kwenye kompyuta za mezani zilizozeeka, umeme ukikatika na ile betri ndogo ya CR2032, bapa kama sarafu, ikiwa imekufa, mashine huamka na tarehe ya miaka mingi nyuma. Tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2009 inakiona cheti hakijaanza kutumika, inakataa. Rekebisha saa, tovuti zitafunguka. Kisha badilisha betri, la sivyo umeme ukikatika tena mtaanza upya.

“Tunalipia 20, tunapata 2.5. Tunaibiwa.”

Hamuibiwi. Kampuni inauza kwa megabiti, kompyuta inapopakua faili inahesabu kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Gawanya 20 kwa nane.

“Taa ya waya inawaka, kwa hiyo waya ni mzima.”

Ndani ya kebo ya mtandao mna nyaya nane, jozi nne. Kasi ya megabiti 1,000 inazitaka jozi zote nne, ya 100 inatosheka na mbili. Gurudumu la kiti likikanyaga kebo kila siku na kukata uzi mmoja, taa inaweza kuendelea kuwaka vizuri tu huku kasi imeshuka hadi 100, na mwenye meza analaumu kompyuta yake. Kuna na balaa la siku ya usafi: mtu anakuta ncha ya waya inaning’inia, kwa nia njema anaichomeka kwenye swichi ileile ulikotoka upande wa pili. Data inaanza kuzunguka humo bila mwisho, na kwenye swichi zile za bei rahisi ofisi nzima inazimika. Siku hiyo “ofisi nzima” ni kweli.

“Wakisema kebo ya baharini imekatika, wanatusingizia.”

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, kebo za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoumia. Dalili zake unaweza kuzisoma ukiwa mezani: ruta inajibu ping, tovuti zinazohifadhiwa nchini zinaweza kufunguka, za nje zinakwama au zinajikokota. Jumatatu yake printa zilichapa na faili za ofisi zilifunguka bila shida. Hata hivyo kabla ya saa nne watu watatu walikuwa wameshanifuata mezani, kila mmoja akiniomba niizime ruta, niiwashe.