Ukipanda mlima unakojoa sana? Figo zinajua zinachofanya

Wiki iliyopita alinijia kliniki, hapa Moshi, kijana anayeongoza watalii. Akaangalia kwanza kama mlango umefungwa. "Shikamoo daktari. Nina shida, ila ni ya aibu kidogo." Kila akipanda mlima, tangu usiku wa kwanza anatoka hemani kuchimba dawa mara nne, mara tano. Akirudi mjini, kwisha. Wenzake wameshamwambia ana kisukari.

Nikampima sukari, maana kwa mtu anayekojoa hivyo kipimo hicho hakirukwi. Iko sawa. Basi nikachana ukurasa wa kalenda ya mwaka jana, nikamchorea figo nyuma yake.

Mama akichambua maharage hutoa mawe, maharage yakabaki kwenye ungo. Figo hufanya kinyume. Humwaga vyote kwanza, maji, chumvi, sukari, taka, halafu huokota maharage na kuyarudisha kwenye damu. Kila figo ina vichujio kama milioni moja, vinaitwa nefroni, na zote mbili kwa siku huchuja kama lita 180. Mkojo unaotoka ni lita moja na nusu, mbili hivi. Kwa hiyo kazi kubwa ya figo ni kurudisha. Ikiamua kurudisha kidogo pungufu tu, utaamka usiku.

Na mlimani inaamua hivyo kwa makusudi. Ukishapita mita 2,500 hivi, oksijeni ni chache, unahema haraka. Kuhema huko kunatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko kawaida, na hiyo ndiyo inayoipa damu uchachu wake. Damu inakosa uchachu, na ubongo unaanza kuzuia pumzi, hasa usingizini. Figo zinaokoa hali kwa kuacha bikaboneti, ile inayopunguza uchachu wa damu, ipite kwenye mkojo, nayo inaondoka na chumvi na maji. Vidonge vya Diamox wanavyomeza wageni kujikinga na ugonjwa wa mwinuko vinaiharakisha kazi hiyohiyo, ndiyo maana mgeni aliyevimeza humaliza njia nzima vichakani. Ongeza baridi: mishipa ya ngozi inajikunja, damu inarudi ndani, figo zinaona maji yamezidi.

"Kwa hiyo mimi ni mzima?"

Mzima. Wa kumwangalia ni yule ambaye tangu asubuhi hajakojoa, au mkojo wake una rangi ya chai ya rangi.

Wapo wanaojinyima maji ili wasitoke usiku, hasa wageni wa kike. Wengine hubana. Kibofu huanza kukukumbusha kikifika mililita 200 hivi, na hubeba 400 hadi 500, ila mkojo uliotuama ni shamba la bakteria. Na mrija wa kutolea mkojo wa mwanamke una sentimita nne tu. Safari ya bakteria hapo ni fupi mno.

Figo pia ndizo zinazonusa upungufu wa oksijeni na kutuma homoni iitwayo erithropoietini kwenye uboho, zitengenezwe chembe nyekundu zaidi. Homoni hupanda ndani ya saa chache, lakini chembe za kutosha huchukua wiki. Mgeni wa siku sita anashuka kabla hajazifaidi.

Kilichonikera ni alichotoa mfukoni mwishoni: diklofenaki, dawa ya maumivu, ya magoti, anameza kila anaposhuka. Mwili ukikaukiwa maji, figo hutegemea kemikali fulani kuacha wazi mishipa inayoziletea damu, na dawa hiyo huzima kemikali hizo. Ukimeza huku umekaukiwa, unazifungia bomba saa zinapolihitaji zaidi. Nimewahi kumlaza mpagazi kwa sababu hiyo, kijana mwenye nguvu zake, mkojo umekatika kabisa. Huyu nikamwandikia parasetamoli na kumwagiza anywe maji kwanza.

Akaaga. Alipofika mlangoni akarudi kuomba ile karatasi ya kalenda, akawaonyeshe wale wa kisukari.