Mzazi Ana Haki ya Kulinyima Jeshi la Marekani Taarifa za Mwanawe

Wazazi wengi nchini Marekani wameamini kwa miaka mingi kwamba jeshi lina haki ya kupata taarifa za kila mwanafunzi wa sekondari, na kwamba familia haina la kusema. Sehemu ya imani hiyo ina msingi. Sheria ya elimu iliyosainiwa Januari 2002, na iliyoirithi mwaka 2015, zimezitaka shule zinazopokea fedha za serikali kuu ziwape waandikishaji wa jeshi, wanapoomba, jina, anwani na namba ya simu ya mwanafunzi, na kuwaruhusu kuonana na wanafunzi sawa na vyuo na waajiri.

Lakini sheria hizohizo zinampa mzazi haki ya kuzuia utoaji huo kwa maandishi, na shule inawajibika kumjulisha. Linalonisikitisha ni kwamba taarifa hiyo ya kumjulisha mzazi haki yake hufichika kwa urahisi katika rundo la fomu za mwanzo wa mwaka, na ukimya wa mzazi, hasa mhamiaji asiyesoma Kiingereza vizuri, huhesabiwa kuwa ridhaa.

Aidha, kuzungumza na mwandikishaji si kujiunga na jeshi. Kijana wa miaka 17 huhitaji ridhaa ya mzazi. Na hata aliyekwisha kusaini mkataba akiwa bado shuleni, kwa makubaliano ya kuanza utumishi baadaye, anaweza kuomba kwa maandishi aachiliwe kabla ya siku ya kuripoti mafunzoni.