Meli imefunga Kilindini asubuhi, jioni inaondoka: kijiji utakionaje?

Kila msimu wa kaskazi ukianza na meli za watalii zikaanza kufunga bandarini Kilindini, simu yangu haipoi. Kazi ya kutembeza wageni nimeifanya miaka kumi na kitu na swali ni lile lile, tuko Mombasa siku moja tu, tunataka kuona kijiji cha kweli, tufanyeje? Vijana wanaoanza kazi nao huniletea plani imejaa kama matatu ya jioni, asubuhi Fort Jesus, mchana Tsavo, kisha kijiji wakirudi. Wee! Tsavo peke yake inakula siku nzima na bado utarudi roho mkononi.

Mi siku naipanga kuanzia mwisho. Usiulize meli inaondoka saa ngapi, uliza abiria wa mwisho anatakiwa awe ndani saa ngapi, manake hizo ni saa mbili tofauti. Tuseme mwisho ni saa kumi na moja jioni. Basi mi nataka tuwe getini saa tisa na nusu, na barabara naipa saa moja na nusu hata kama siku nzuri ni nusu ya hapo, kwa hivo kijijini tunatoka saa nane. Asubuhi mpaka watu washuke, wakaguliwe, mmoja arudi kuchukua kofia, ni saa mbili na nusu, tunafika saa nne. Umebaki na saa nne kijijini, na hizo zinatosha kabisa ukienda kijiji kimoja, ukienda viwili umeuza barabara. Na ujue ile safari inayouzwa na meli yenyewe ikichelewa, meli husubiri, lakini aliyetoka na mimi haingojewi, ataiona meli ikipita Likoni na kumpungia mkono.

Ndo maana napeleka watu Rabai. Kusini kuzuri, Kaya Kinondo, ule msitu mtakatifu wa Wamijikenda kule Diani, napapenda sana, lakini feri ya Likoni haina rafiki, na hata na barabara ya Dongo Kundu inayokwepa feri bado ni mbali kwa mtu anayehesabu dakika. Rabai ni Changamwe, Jomvu, Miritini, Mazeras, unakata kulia unapanda kilimani na upepo unabadilika. Shida ni malori tu, trela moja likilala Miritini hesabu yote imeharibika, ndo ile saa na nusu yangu.

Pale kuna mambo. Wamishonari Krapf na Rebmann walianzisha misheni hapo 1846, na Rebmann ndiye aliyetoka huko akaenda akaiona Kilimanjaro 1848 kisha wenzake Ulaya wakabisha eti theluji haiwezi kuwa karibu na ikweta. Nyumba zao bado ziko na kuna makumbusho. Lakini mi sianzi na wazungu, naanza na wazee. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2008, na za Rabai zimo, ila kwa wenyewe kaya si orodha, ni kwao kwa asili, kuna makaburi na kuna pahali hata wewe mwenyeji hukanyagi. Kwa hivo nampigia mzee siku kadhaa kabla, namwambia watu wangapi, nauliza tunaingia mpaka wapi na picha zinaruhusiwa wapi, na pesa tunakubaliana hapo hapo, sio mgeni anachomoa noti mbele za watu. Peremende za kurushia watoto nakataa garini kabla hatujashuka. Akitaka kusaidia anunue, kuna mikeka, kuna nazi, kuna chakula.

Chakula sasa. Mwaka mmoja nilimwandikia mama anayetupikia kwenye WhatsApp, "tunakuja 10". Nilikuwa nimeshinda na ratiba ya meli kichwani, nikaandika saa za kizungu. Mama akasoma saa kumi, kama mtu yeyote mwenye akili. Tumefika saa nne asubuhi jiko baridi, kuku bado anatembea uani, na mimi nyuma nina watu kumi na wawili wanatabasamu. Tukaokolewa na madafu na mihogo ya kuchemsha, na wale wageni walivyokaa kukuna nazi kwenye mbuzi na kina mama wakachekwa mpaka machozi, hiyo ndo sehemu waliyoisimulia njia nzima. Tangu siku hiyo naandika "saa nne asubuhi" kwa herufi, na siku hizi kukuna nazi nimekutia kwenye plani makusudi, kabla ya wari, yaani ugali, na mtsunga, mboga ya majani. Wageni nao nawaambia wakague saa zao, kuna meli inakuja na saa yake haijabadilisha kufuata ya kwetu.

Vitu vidogo: noti ndogo za shilingi, manake wageni hawana M-Pesa. Viatu vya kufunga. Wazee wenye magoti mabovu uwajue mapema, kuna mteremko. Choo uliza kabla, usiulize ukiwa umebanwa.

Mwisho wanataka kumwona mgema. Anapanda mnazi kama ngazi ya nyumbani kwao, akishuka wanaonja tembo, pombe ya mnazi, kwa mboko, yaani kibuyu, na mrija, wengi wanakunja uso, mmoja hivi anaomba tena. Huyo mmoja ndo wa kuchunga. Ataomba apewe chupa aende nayo, mkatalie, tembo linaendelea kuchacha humo ndani na kwa joto la garini kifuniko kinaruka. Gari langu lilinuka wiki mbili.